Kanda Ichezwe Mara Moja: Kuhamisha VHS za Nyumbani Hadi DVD

Kosa linaloua kanda nyingi hutokea dakika ya kwanza. Mtu aitoa kabatini, aipangusa vumbi kwa kiganja, kisha aisukuma kwenye deki "tuone kama bado yacheza". Kanda iliyolala miaka ishirini na zaidi katika hewa ya Mombasa huenda ina kuvu, au utepe wake umegandana. Ikicheza dakika kumi halafu ikanasa, zile dakika kumi zimepita bure, maana hazikurekodiwa popote. Ndiyo maana hapa kanda huingia kwenye deki mwisho, si mwanzo: deki iwe safi, waya zimeunganishwa na kompyuta imejaribiwa, na mara ya kwanza kanda inapochezwa ndiyo iwe mara ya kunakiliwa.

Tunazungumzia kanda zenu wenyewe: harusi, maulidi ya nyumbani, watoto wakianza chuoni, safari ya Lamu. Filamu za kununua zina wenyewe, na nyingi zimewekewa kinga inayovuruga picha makusudi zikinakiliwa. Na ikiwa kanda ni ya kupamba (sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi) au ya ngoma ya wanawake, usiipeleke dukani wala usiazime laptopu ya mtu wa nje. Mafaili huachwa kwenye mashine za watu bila yeyote kukusudia. Kazi hii mwanamke yeyote wa nyumbani anaimudu.

Kukagua kanda bila kuicheza

Ishike karibu na dirisha, uangalie kupitia vioo viwili vidogo vya juu. Utepe mzuri ni mweusi au kahawia iliyokolea, na kingo zake zimelala sawasawa kama santuri. Ukiona unga mweupe, nyuzi kama za buibui au madoa ya kijivu, hiyo ni kuvu. Ukiona kingo zimepanda na kushuka kama ngazi, utepe ulizungushwa vibaya au kanda iliwahi kuanguka.

Kisha fungua kilango cha mbele: bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, uinue kilango kwa kidole, uangalie utepe wenyewe. Usiuguse. Mikunjo na kingo zilizoliwa huonekana hapa. Inuse pia; harufu ya chumba kilichofungwa ni onyo la kuvu hata kama macho hayajaiona.

Kabla ya jambo lingine lolote, vunja kile kijibao cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, upande wa kushoto. Kikishavunjwa, deki haiwezi kurekodi juu ya kanda hiyo hata ukibonyeza kitufe kwa bahati mbaya.

Tenga kanda katika mafungu matatu: safi, zenye kuvu, na zilizokatika. Anza na zile safi ambazo si za thamani sana. Harusi ya wazazi iwe ya nne au ya tano, mkono ukishazoea.

Kuvu, adui wa pwani

Kanda yenye kuvu haiingii kwenye deki yako nzuri. Chembe zake hubaki kwenye dramu (silinda inayozunguka ndani ya deki) na kwenye roli la mpira, na kila kanda itakayofuata itaambukizwa. Pia zinadhuru mapafu: fanya kazi barazani au uani, vaa barakoa, na mtu mwenye pumu asikaribie.

Kuvu mbichi hupakaa, kuvu kavu hupukutika. Kwa hiyo kwanza ikaushe. Weka kanda kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na silika mpya, uiache wiki moja au mbili. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba unyevu kabla hujavipata. Afadhali chembe za silika zinazobadilika rangi, ambazo zikishiba unazirudisha kwenye ovini ya nyuzi 120 hadi rangi yake ya mwanzo irejee. Kama una nafasi ya kuchagua, ifanye Januari au Februari wakati wa kaskazi kavu. Mvua za masika zikiingia, hata silika hukata tamaa. Mchele usiutumie, una vumbi. Jua pia usilitumie, kaseti itapinda.

Ikishakauka, fungua kaseti:

1. Igeuze chini juu. Kuna skurubu tano za bisibisi ya nyota. Zifungue zote.
2. Huku ukibana pande mbili pamoja, igeuze tena isimame kawaida, ndipo uinue nusu ya juu polepole. Ukiifungua ikiwa chini juu, vispringi vitaruka na magurudumu yatamwagika.
3. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Njia ya utepe kupitia vijiti vya pembeni ndiyo watu huisahau.
4. Kwa brashi laini ya kupakia rangi, ikiwa kavu, fagia kingo za utepe ukielekea nje. Usipulize kwa mdomo. Mate ni unyevu.
5. Hamisha magurudumu mawili yenye utepe hadi kwenye kaseti safi ya kanda isiyo na kazi. Fuata picha yako, na upande wa utepe uliokuwa unatazama nje ubaki unatazama nje, kwa sababu huo ndio wenye kumbukumbu.

Baada ya hapo ipitishe mbele na nyuma mara moja kwenye deki mbovumbovu uliyoitenga kwa kazi hiyo tu. Hiyo ndiyo ruhusa pekee ya kanda yenye kuvu kuzungushwa kabla ya kunakiliwa. Kuvu iliyokwisha kula katikati ya utepe haiondoki kwa brashi. Kanda ya namna hiyo, kama ni ya pekee, mpe mtaalamu.

Utepe uliokatika kwenye ncha, pale unaposhikwa na gurudumu, ni jambo dogo: katikati ya gurudumu kuna kipande kinachochomoka, ingiza ncha mpya chini yake, ukirudishe kibane. Uliokatika katikati ni habari nyingine. Usiuunge kwa selotepu ya kawaida, kwani gundi yake huvuja kwa joto letu na kuganda kwenye hedi, vile vipande vya deki vinavyosoma utepe. Kama huna tepu maalumu ya kuungia, inayobandikwa upande wa nyuma wa utepe, gawanya vipande viwili katika kaseti mbili na unakili kila kimoja peke yake. Utapoteza sekunde chache tu za picha.

Deki

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo kila deki utakayoipata ni ya mitumba au ya jamaa. Tafuta yenye hedi nne na sauti ya Hi-Fi. Ukibahatika na ya S-VHS, chukua, kwa kuwa ina tundu la S-Video linalotoa rangi safi kuliko waya wa manjano.

Ijaribu kwa kanda ya kutupa. Iingize na uitoe mara tano, izungushe mbele na nyuma hadi mwisho. Inayosita au inayotoa kanda huku utepe umening'inia nje ina mikanda ya mpira iliyolegea. Fundi huibadilisha, lakini usiitie kanda yako kabla.

Angalia pia umeme na mfumo wa picha. Deki iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240 zetu itaungua. Kanda zilizopigwa Kenya, Uingereza, Omani au Dubai ni za PAL. Walizotuma jamaa wa Marekani ni NTSC, na baadhi ya kanda za zamani kutoka Saudi Arabia ni SECAM. Picha ikitoka bila rangi lakini imetulia, mara nyingi kosa ni mfumo wala si kanda.

Kanda ndogo za kamera zina njia zake. VHS-C hutiwa kwenye kaseti ya kubebea yenye betri moja ya AA. Video8 na Hi8 haziingii kwenye deki ya VHS kabisa, zahitaji kamera yake. MiniDV ni ya kidijitali tayari: ihamishe kwa waya wa FireWire, bila kupitia waya za rangi tatu.

Kusafisha hedi

Chomoa deki kwenye stima kisha ufungue kifuniko. Ile silinda ya fedha iliyolala mshazari ndiyo dramu, na hedi ni vipande vidogo kama punje ya mtama vilivyo kwenye mpasuko wake. Ukivivunja, deki imekwisha.

Unahitaji alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, ina maji na mara nyingine mafuta. Lowesha kipande cha ngozi laini ya chamois, au karatasi nyeupe safi iliyokunjwa, ukishikize kwenye dramu bila kukisogeza. Kwa mkono mwingine zungusha dramu kutoka juu, mizunguko kumi hadi kumi na tano. Kitambaa kinasimama, dramu inazunguka. Usisugue juu na chini hata mara moja, na pamba za masikio zisikaribie dramu kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye hedi. Pamba hizo zitumie kwa hedi ya sauti na mhimili wa chuma unaovuta utepe. Roli la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha kikavu. Subiri nusu saa kabla ya kuwasha, na kazi yote hii ifanyike mbali na jiko.

Rudia kila baada ya kanda tano, au baada ya kanda moja ikiwa ilikuwa na historia ya kuvu.

Waya, kifaa cha kunasa na kompyuta

Kutoka deki: manjano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Zinaingia kwenye kifaa cha kunasa cha USB, kinachogeuza picha ya deki kuwa faili la kompyuta. Vile vya bei ya chini kabisa hufanya kazi, ila vingi hupoteza picha kanda ikitikisika kidogo. Hauppauge USB-Live2 na vya kiwango chake huvumilia zaidi. Kichomeke kwenye tundu la laptopu lenyewe, si kwenye kigawanyio.

Kama fedha zinatosha kitu kimoja cha ziada, kisiwe programu. Kiwe rekoda ya DVD ya zamani kama Panasonic DMR-ES10 au ES15, iwekwe katikati ya deki na kifaa cha kunasa. Hairekodi chochote hapo, picha inapita tu ndani yake, lakini inanyoosha mistari iliyopinda juu ya picha na kupunguza picha zinazodondoka, yaani zinazorukwa bila kurekodiwa. Tofauti utaiona kwa macho.

Kwenye VirtualDub, programu ya kurekodia video, weka hivi: PAL, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, rangi za YUY2, mbano usiopoteza kitu wa HuffYUV au Lagarith, sauti ya stirio 48 kHz isiyobanwa. Saa moja itakula takribani gigabaiti 25 hadi 40, kwa hiyo kanda ya E-180 ya saa tatu yaweza kutaka zaidi ya 100. Diski ya kuhifadhia iwe ya mfumo wa NTFS. FAT32 hukata faili likifika gigabaiti 4.

Kuna kishawishi cha kunasa moja kwa moja kwa MPEG-2 ili kuokoa nafasi. Kikatae. Mawimbi na chengachenga za VHS ni mzigo mzito kwa mbano wa papo kwa papo, na utakachopoteza hapo hakirudi.

Jambo la mwisho la maandalizi ni mwanga. Fungua grafu ya mwanga ya VirtualDub na utumie kanda ya kujaribia yenye kitu cheupe. Kanzu nyeupe juani na shela la bibi harusi ndivyo vinavyopotea kwanza: vikigonga ukingo wa kulia wa grafu, mikunjo ya kitambaa yote imefutika. Punguza mwanga hadi kilele kibaki ndani. Sauti nayo isipite desibeli 6 chini ya kikomo. Taarabu iliyopasuka tangu ukumbini haitengenezeki, lakini usiipasue mara ya pili.

Siku ya kunakili

Kanda na deki vikae chumba kimoja kwa saa nne kabla. Ukitoa kanda chumba chenye baridi ya AC na kuileta sebuleni, umande huganda juu ya utepe, nao hunata kwenye dramu kama karatasi iliyolowa. Deki nyingi zina kihisi, zikionyesha alama ya umande na kukataa kufanya kazi, ziache zikiwa zimewashwa kwa muda wa saa mbili.

Zima intaneti, kinga ya virusi na usingizi wa laptopu. Laptopu ina betri, deki haina. Stima ikipotea, utepe unabaki umezungushwa kwenye dramu, na mtu mwenye haraka huuvuta kwa mkono na kuukata. UPS ndogo inatosha. Kama huna, stima ikirudi iache deki iutoe yenyewe.

Kanda safi iliyolala miaka mingi izungushe yote hadi mwisho kisha irudi mwanzo, bila kuicheza. Hii hulegeza utepe uliobanana na kusawazisha mvuto. Halafu anza kurekodi kwanza, ndipo ubonyeze deki icheze. Dakika mbili za mwanzo rekebisha treking (namna hedi zinavyofuata mistari ya utepe) kwa mkono, usiitegemee ya deki. Usiondoke chumbani. Tazama kihesabu cha picha zilizodondoka: mbili tatu kwa saa si neno, zikipanda kwa makumi simamisha na utafute sababu.

Ishara za kawaida na asili yake:

Mistari ya chengachenga inayopita juu au chini ni treking, au hedi chafu. Picha yote ikigeuka theluji ghafla huku sauti ipo, hedi zimeziba: simamisha papo hapo, toa kanda, safisha. Sauti ikififia na picha ni nzuri, safisha hedi ya sauti. Ikivuma kama nyuki, jaribu kuzima Hi-Fi utumie sauti ya kawaida. Deki ikitoa mlio wa kufinyana na picha ikisita, utepe unanata. Usilazimishe, hiyo ni ya mtaalamu. Ile mistari michafu michache chini kabisa ya picha ni ya kila VHS, televisheni za zamani zilikuwa zikiificha. Midomo na sauti zikiachana kadiri muda unavyokwenda, picha zilidondoka. Rekodi tena kwa vipande vya dakika arubaini.

Kutoka faili hadi DVD

Kata mwanzo na mwisho, funika ile mistari michafu ya chini kwa ukanda mweusi, na uishie hapo. Kung'arisha kupita kiasi hugeuza nyuso za watu nta.

Picha ya VHS huja kama nusu-picha 50 kwa sekunde, moja ya mistari ya witiri na nyingine ya shufwa. Kwenye kompyuta utaona meno ya kitana mtu akisogea. Si ugonjwa, na DVD yajua kuishughulikia. Kinachotakiwa ni mpangilio sahihi: vifaa vingi vya USB hutoa mstari wa juu kwanza, MiniDV hutoa wa chini kwanza. Ukikosea, kila kinachosogea kitaruka mbele na nyuma kama chenye kwikwi.

Kiwango cha data kipime kwa muda. Gawanya 36,000,000 kwa sekunde za video, toa 224 za sauti, upate kilobiti za picha. Dakika 90 zitatoa kama 6400, dakika 120 kama 4700. Usizidi 8000 hata kama nafasi ipo, deki za DVD za zamani hukwama. Saa tatu ni 3100, na kwa VHS yenye chenga hiyo ni kidogo. Afadhali diski mbili. Kwa FFmpeg, programu inayotumia amri za kuandikwa, video ya saa mbili:

ffmpeg -i harusi.avi -vf setfield=tff -target pal-dvd -aspect 4:3 -flags +ilme+ildct -b:v 4700k -b:a 224k harusi.mpg

Lipeleke faili hilo kwenye programu ya DVDStyler, uiambie isibane tena, weka sura (vituo vya kurukia) kila dakika tano hadi kumi: kuingia bwana harusi, nikahi, kutoa mkono. Chagua PAL. Programu itatoa folda ya VIDEO_TS, au faili moja la picha ya diski (ISO).

Choma kwa programu ya ImgBurn, DVD-R ya jina linaloaminika, kasi ya 4 au 8 hata kama diski yasema 16, na kisanduku cha kuhakiki kiwe na alama. Jaribu kwenye deki ya DVD ya sebuleni, si kwenye kompyuta iliyoichoma. Andika jina kwa kalamu laini ya wino wa maji, upande wa juu. Kibandiko cha karatasi huvuta unyevu na kuipinda.

Mwenye rekoda ya DVD asiyetaka kompyuta anaweza kurekodi moja kwa moja: hali ya XP kwa saa moja, SP kwa saa mbili, LP asiiguse. Diski ifungwe (finalize) kwenye rekoda ileile kabla ya kutolewa, la sivyo haitasomwa kwingine.

DVD ya kuchoma haipendi joto wala mwanga. Isikae dirishani wala ndani ya gari, isimame kwenye kasha gumu. Faili kubwa la HuffYUV litunze kwenye diski ya nje, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine, Nairobi kwa mfano, ambako hewa ni kavu zaidi. Kanda yenyewe usiitupe: irudishe mwanzo, isimamishe wima kontenani pamoja na silika, na ubandike tarehe uliyoinakili.